Alichokionja Muthoki

Mate ndiyo yaliyoanza. Muthoki alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, kijiko mkononi, beseni la maji kati ya miguu, na mate yakamjaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Akatema. Yakajaa tena. Akapangusa kidevu kwa ncha ya leso na kuendelea kusugua, kwa sababu gunia lilikuwa bado nusu na Mzee Nyamai, tajiri wa vinyago, alivitaka vijiko vyake Ijumaa.

"Mama Mutunga, unatokwa jasho hivyo umebeba mawe?" aliuliza Anyango, jirani wa mlango wa pili, ambaye naye alikuwa na beseni lake na rundo lake. "Na baridi yote hii?"

Baridi ilikuwepo kweli. Ulikuwa mwezi wa Novemba mwaka wa tisini na saba, wakati wa ile mvua ya El Nino iliyosahau kwao. Makadara nzima ilikuwa imelowa, kuanzia mabati hadi magodoro. Nguo hazikauki, makaa hayawaki, na mbao ndizo kabisa. Mzigo mmoja wa vinyago vya Mzee Nyamai ulikuwa umerudishwa kutoka Ulaya umetobolewa tobo tobo na wadudu, na tangu siku hiyo mzee hakuwa na subira na mtu.

Sasa kazi ya msasa ni kazi ya wanawake. Mwanamume huchonga, akasifiwa. Mwanamke husugua, na hakuna anayeuliza alikuwa nani. Lakini Muthoki alikuwa amejipatia jina hata huko. Katika yadi ya Nyamai kule Kariobangi walikuwa na msemo kwamba msasa wa Muthoki haurudi. Siri yake ilikuwa ulimi. Mbao kavu ni mwongo mkubwa. Inaonekana laini kumbe imeficha mkwaruzo. Ukiilamba kidogo pale unapopatilia mashaka, mkwaruzo hujitokeza mweupe na kukucheka. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha huko kijijini Wamunyu, na kitendo hicho walikiita kuonja. Kijiko hakikutoka mkononi mwa Muthoki kabla hakijaonjwa, na Anyango alipoomba kazi, naye akafundishwa kuonja.

Vijiko vya safari hii vilikuwa vikubwa, vya saladi, kila kimoja kikiwa na kichwa cha twiga mwishoni mwa mpini. Vilikuwa na uchungu kidogo. Muthoki alifikiri ni mti mpya, maana siku hizi mpingo umekuwa kama dhahabu na Nyamai ananunua mti wowote unaokubali tindo.

Alipoinua kijiko kingine akione vizuri, hakukiona. Ua mzima ulikuwa umeingia giza saa nne ya asubuhi, kama taa iliyopunguzwa utambi. Shavu lake likaanza kurukaruka lenyewe. "Mama Opiyo," aliita, "mbona kumekuwa giza?" Anyango alipogeuka alimkuta ameanguka ubavu, beseni limepinduka, anatapika, na tumbo limemwachilia palepale mbele za watu.

"Kipindupindu!" mtu alipiga kelele kutoka bombani. Neno hilo mwaka ule lilikuwa linafunga milango kuliko askari wa kodi. Akina mama waliokuwa wakiteka maji walinyakua ndoo zao. Dereva wa teksi aliyeitwa alishusha kioo, akatazama, akapandisha kioo, akaenda zake. Hatimaye Anyango alimpata muuza maji mmoja mwenye mkokoteni, wakamlaza Muthoki juu yake kati ya mitungi mitupu, na hivyo ndivyo mwanamke ambaye msasa wake haurudi alivyosukumwa kando ya Jogoo Road, mvua ikimwosha uso, watu wakimpisha huku wameziba pua.

*

"Jina lako kamili."

Muthoki alifumbua macho. Mdomo wake ulikuwa mkavu kama unga, na moyo ulikuwa ukienda mbio ilhali yeye amelala. Aliyesimama kando ya kitanda hakuwa mume wake, wala hakuwa daktari. Alikuwa polisi mwenye daftari.

"Muthoki. Muthoki Kyule." Akajaribu kuinua mkono wa kushoto ajikune shingo. Mkono haukuja. Ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Mimi ni Koplo Mulama," alisema yule polisi, bila ubaya, kama mtu anayesoma tikiti. "Ulikunywa nini?"

"Wapi?"

"Wewe mama, usinichezee. Uliletwa juzi. Ulikunywa nini?"

"Chai ya rangi. Na mkate."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Muuguzi mmoja mnene mwenye uso wa uchovu, Sista Jacklyne, alikuja na kumshika Muthoki kope, akaifunua kama anayekagua mbuzi. "Mboni zako zilikuwa zimekwisha, mama, zimekuwa kama ncha ya sindano. Mate, jasho, kutapika, misuli kucheza. Tunazijua dalili hizo. Hiyo ni dawa ya kuua wadudu. Kila wiki tunaletewa msichana aliyeinywa kwa sababu ya mwanamume. Tumekuchoma sindano usiku na mchana. Wenzako wanatafuta uhai hapa, wawili kitanda kimoja, na wewe unautupa."

"Sista, sikunywa dawa."

"Basi iliingia yenyewe."

Hapo Sista alikuwa amesema kweli bila kujua. Lakini ukweli ukisemwa kwa dharau haumsaidii mtu, na Koplo Mulama alishaandika.

"Kutaka kujiua ni kosa la jinai," alieleza. "Ukipata nafuu utapelekwa mahakamani. Ukikiri mapema, hakimu atakuhurumia."

"Na kama ningekufa?"

Koplo alifikiri kidogo. "Kama ungekufa, hakuna kesi."

Tazama sheria hiyo! Ukishindwa kufa unafungwa, na ukifaulu unaachwa. Muthoki aligeuza uso ukutani. Alikuwa ameponea chupuchupu, hajui ameponea nini, na badala ya pole amepewa pingu.

Mume wake alikuja saa ya kuonana na wagonjwa. Kyule, mchongaji katika yadi ya Nyamai, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya tindo. Aliketi pembeni mwa kitanda, akaitazama pingu, akatazama kando. Alikaa muda mrefu akikunja na kukunjua kofia yake.

"Mama Mutunga, niambie mimi. Sitakasirika. Ulikunywa nini?"

"Hata wewe?"

"Daktari amesema."

"Daktari hakuwepo nyumbani. Wewe tumelala pamoja miaka kumi na mmoja. Ulikosa nini, Baba Mutunga, cha kunifanya nife?"

"Ndiyo hata mimi najiuliza! Unajua wanasema nini huko mtaani? Ati nina mwanamke mtaa wa Huruma."

"Unaye?"

"Mimi? Kwa pesa gani?"

Muthoki alitaka kucheka, kisha akaona macho ya mume wake. Yalikuwa na woga. Kyule alikuwa anamwogopa, kama mtu anayeogopa chungu kilichopasuka asijue kitamwaga saa ngapi. Hapo ndipo hasira yake ya kwanza ilipompanda, ikampa nguvu kuliko zile sindano. Alikuwa na watoto wawili, Mutunga na Kavinya. Kama hata baba yao alikuwa ameamini kwamba mama yao aliwaacha kwa hiari yake, wao wangeambiwa nini na dunia?

*

Siku ya pili Anyango alileta uji kwenye chupa ya chai. Alikuwa na kikohozi na macho mekundu.

"Watoto wako wazima, usihofu," alisema akimimina uji kikombeni, na mkono wake ukawa unatetemeka hadi uji ukamwagika. "Mzee Nyamai amefurahi sana. Vijiko vyako nimevichukua mimi, nisije nikakuharibia jina. Nimekaa navyo tangu juzi, sijalala. Kichwa kinanigonga, we acha tu."

Alipoinama kumfuta Muthoki kidevu, harufu ilitoka kwenye leso yake. Haikuwa kali. Ilikuwa nyembamba, kama ya mafuta ya taa yaliyokaa na vitunguu saumu. Muthoki aliinusa, na ghafla hakuwa tena hospitalini. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, anaswaga mbuzi wa baba yake kwenye josho la dawa ya kupe, na mzee mwenye josho anawafokea watoto: tokeni hapo, mkilamba mikono mtakufa!

"Mama Opiyo," alisema taratibu, "hivyo vijiko unavionja?"

"Sasa nisionje? Si wewe ulinifundisha?"

"Ni vichungu?"

"Vichungu kidogo. Si ni huo mti mpya."

Muthoki alimshika mkono kwa ule wake ulio huru, akaubana. "Acha. Leo hii acha. Vijiko vimetiwa dawa ya josho. Ndiyo iliyoniangusha. Mate yamekujaa? Jasho? Nenda nyumbani ufunge hilo gunia, uoge, uchome hiyo leso."

Anyango alitoa mkono wake polepole. Usoni mwake kulipita kitu ambacho Muthoki hakuwahi kukiona kwa jirani yake huyu, aliyemsukuma kwenye mkokoteni watu wengine wakikimbia. Ilikuwa huruma, lakini ile huruma anayopewa kichaa.

"Dada yangu," alisema Anyango, "mimi sikuhukumu. Kila mtu ana siku yake. Lakini usiseme hivyo mbele ya watu. Hii kazi ndiyo inalipa karo ya Opiyo. Ulikunywa, umepona, Mungu ni mkubwa. Usitafute mwingine wa kumtupia."

"Mimi sikunywa!"

"Haya. Hukunywa." Akafunga chupa yake, akaenda zake, akikohoa hadi mlangoni.

Muthoki alilala akitazama dari. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Ukishaitwa mtu aliyetaka kufa, kila neno lako linakuwa ugonjwa. Unaweza kuona nyumba inaungua na ukapiga kelele, watakwambia lala, mama, upumzike.

*

Kyule aliporudi jioni, hakumpa nafasi ya kuketi.

"Vijiko vya twiga vilichovywa?"

Kofia ikaanza kukunjwa. "Nani amekwambia?"

"Pua yangu. Vilichovywa lini?"

"Jumatatu ile. Kwenye pipa. Si unajua mzigo ule ulirudishwa."

"Siku zote mnachovya mwisho, baada ya msasa. Mbona mara hii mlianza?"

"Mzee alisema kwa mvua hii, vikichovywa mwisho havitakauka na meli haingoji. Alisema vichovywe kwanza…" Kyule alisita. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na saa hiyo huo ulikuwa mzigo wake. "Alisema vitakaukia mikononi mwenu."

"Vitakaukia mikononi mwetu." Muthoki aliyarudia maneno hayo polepole, akiyaonja. "Na hao vijana waliochovya, walivaa nini?"

Kyule aliinamia kofia yake.

"Baba Mutunga. Walivaa nini?"

"Glavu. Na vitambaa puani."

"Nani aliwapa?"

"Mzee," alisema Kyule kwa sauti ndogo. "Mama Mutunga, naapa sikujua. Nilidhani dawa ya wadudu ni ya wadudu. Nilisahau hata kwamba unaonja."

Alikuwa analia. Muthoki hakumbembeleza. Alikuwa na mkono mmoja tu, na hasira alizokuwa nazo zilihitaji yote miwili.

Kisha Kyule akatoa kile alichotumwa nacho, maana alikuwa ametumwa. Mzee Nyamai alikuwa ameongea na watu wake. Angelipa bili yote ya hospitali, ambayo bila yeye ingewakalisha hapo hadi Krismasi. Angesema na wakubwa wa Koplo, kesi ife. Kilichotakiwa ni kitu kidogo: Muthoki atie sahihi kwamba alikuwa na mawazo mengi, shetani akampitia, akanywa dawa, sasa ametubu.

"Anajua kwamba ni pipa lake?"

"Hakusema anajua. Alisema tu tusianze kutafuta mambo. Kuna nyumba arobaini zinazokula kwa mzigo huu, Mama Mutunga. Yetu ikiwemo. Mzigo ukizuiwa…"

"Kwa hivyo niseme nilitaka kuwaacha Mutunga na Kavinya."

"Ni karatasi tu."

"Karatasi ndiyo haifi! Mimi nitakufa siku moja, wewe utakufa, na karatasi itabaki inasema. Kavinya akiposwa, wakwe watauliza: ni yule ambaye mama yake alikunywa dawa? Akishikwa na hasira kidogo watasema, chungeni, ni ya mama yake. Unaniomba nijiue, Baba Mutunga. Mara ya kwanza sikujiua. Wewe na mzee wako mnataka sasa nijiue kwa kalamu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyecheka siku ile, alikuwa amenyamaza akisikiliza kwa masikio yote.

Muthoki alipumua mpaka moyo ukatulia. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa laini, na mtu aliyemjua vizuri angeogopa.

"Haya. Mlete huyo mzee. Aje na karatasi yake na Koplo awepo. Na wewe nenda kwa Mama Opiyo, umwambie mzee amesema gunia lingoje. Akiambiwa na mzee ataacha. Mimi haniamini."

"Nimdanganye?"

"Mimi nimeshindwa kumwokoa kwa kweli, wewe mwokoe kwa uongo. Kesho uniletee chai ya maziwa, chupa nzima, na sukari pembeni. Na kijiko kimoja cha twiga, ukifunge kwenye gazeti, usikishike kwa mkono mtupu."

"Cha nini?"

"Mara hii moja tu, fanya ninachokuomba bila kwenda kumuuliza Nyamai."

*

Mzee Nyamai aliingia wodini saa nane mchana na machungwa kwenye mfuko, suti ya kijivu, na Biblia kwapani. Alikuwa mzee wa kanisa, na kusema haki, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa ameshawazikia watu wazazi wao, ameshawalipia watoto karo. Kwa sababu hiyo watu walizoea kumshukuru hata kabla hajatoa, na yeye akazoea kushukuriwa.

"Pole sana, mwanangu," alisema, akimpigapiga Muthoki begani. "Shetani hana adabu. Lakini umeshinda."

"Asante, mzee. Keti."

Koplo Mulama naye alikuwepo, daftari wazi, kalamu ya wino mdomoni. Karatasi ilikuwa imeandikwa tayari, nzuri, kwa mashine. Ilibaki sahihi tu. Kyule alisimama ukutani kama mshtakiwa.

"Kabla ya kutia sahihi," alisema Muthoki, "mgeni haondoki kwangu bila chai. Hata kama kwangu ni kitanda cha serikali. Baba Mutunga, mimina."

Kyule alimimina chai kikombeni. Muthoki akatia sukari kwa mfuniko wa chupa. Kisha akafungua gazeti, akatoa kile kijiko kikubwa, akakishika kwa kipande cha gazeti kwenye shingo ya twiga, akakitumbukiza kikombeni. Akakoroga. Akakoroga muda mrefu, polepole, kama anayekoroga uji wa mgonjwa, huku akimtazama Mzee Nyamai usoni.

"Hiki ni cha kwako, mzee. Cha lile gunia. Karibu chai."

Mzee Nyamai alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu. Akakitazama kijiko. Akakiweka kikombe juu ya kabati la kando ya kitanda.

"Daktari amenikataza sukari," alisema. "Hebu tumalize hili la karatasi."

"Onja tu, mzee. Mimi nimekuonjea miaka sita."

"Nimesema sinywi!" Jasho jembamba lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake. "Koplo, mpe kalamu."

Koplo Mulama alitoa kalamu mdomoni. Alikuwa zamuni tangu alfajiri na kile kikombe kilikuwa kinatoa mvuke mbele yake. "Kama mzee hataki," alisema, akinyoosha mkono, "chai haitupwi." Akakiinua.

Hilo Muthoki hakuwa amelipanga. Alifungua mdomo kumzuia, lakini mwingine alimtangulia.

"Afande, usinywe hiyo!"

Mkono wa Mzee Nyamai ulikipiga kikombe. Kikaruka, kikavunjikia sakafuni, chai ikamwagika juu ya shuka, juu ya Biblia, juu ya ile karatasi nzuri ya mashine. Sista Jacklyne, aliyekuwa mlangoni na trei ya sindano, alisimama pale pale.

"Kwa nini nisinywe?" aliuliza Koplo.

"Ni… vijiko hivyo ni vya wazungu. Ni vya kuuza. Havijaoshwa."

"Havijaoshwa nini?"

Sista Jacklyne aliweka trei chini, akaja, akainama juu ya kijiko kilichoanguka kitandani, akakinusa kwa mbali. Aliinuka akiwa amebadilika uso. Alimtazama Muthoki, kisha akatazama pembeni kwa aibu, na ilikuwa haki yake kuona aibu.

Muthoki ndiye aliyesema. Hakupaza sauti, hakuhitaji.

"Mzee Nyamai, huyu askari umemjua dakika ngapi? Kumi? Na umempigia kelele, ukampokonya kikombe, ukamwokoa. Mimi nimekusugulia miaka sita. Nimelamba vijiko vyako maelfu. Mama Opiyo yuko nyumbani anakohoa, naye umesikia anakohoa. Kelele hiyo ilikuwa wapi? Mbona sisi hukutupigia?"

"Mwanangu, sikudhani…"

"Ulidhani. Ndiyo sababu ulinunua glavu."

Kyule alijibandua ukutani. Alipita mbele ya mwajiri wake bila kumwomba njia, kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Naenda kumleta Mama Opiyo hospitali," alimwambia mke wake. "Na hilo gunia nitakuja nalo hapahapa." Hatua zake zilisikika kwenye ngazi, za mtu anayekimbia.

Koplo Mulama aliikamua ile karatasi iliyolowa chai, akaitazama kitambo, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Akafungua ukurasa mpya wa daftari. Akaondoa kifuniko cha kalamu.

"Wewe mzee," alisema. "Jina lako kamili."

Muthoki aliinua mkono wa kushoto hadi mnyororo ukagonga chuma cha kitanda, ukalia, kila mtu akageuka.

"Afande," alisema, "anza na hii."